Chuma Kilichoteremka



Vumbi la mbinguni laanguka usiku na mchana, juu ya bahari na juu ya mapaa yetu hapa Lushoto. Waliolitambua kwanza katika kilindi cha bahari ni wataalamu wa merikebu ya Challenger, iliyosafiri duniani tangu 1872 hata 1876. Bwana John Murray alipitisha sumaku katika udongo wa kilindini, akatoa chembe nyeusi za mviringo, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Ndani yake mlikuwa na chuma kilichochanganyika na nikeli na kobalti. Nikeli hiyo ndiyo alama, kwani chuma cha miamba ya kawaida hakina nikeli kwa kiasi hicho. Chembe nyingine ni za mawe, zenye silika na magnesi. Nazo hupatikana kilindini kwa kuwa matope ya huko hujikusanya polepole mno, milimita chache kwa miaka elfu, basi hazizikwi upesi.

Nchini mwetu tunacho Kimondo cha Mbozi, kilichojulikana kwa wageni mwaka 1930: takriban tani 16, sehemu tisa katika kumi ni chuma, na nikeli kama asilimia 8.

Baada ya masika vijana wa chuo changu huvuta kwa sumaku mchanga mweusi wa mitaroni. Mmoja aliniambia, "Maalim, hiki ndicho chuma cha Sura ya Hadid, sasa nani atakanusha?"

Bidii yake ilinifurahisha, hoja yake sikuikubali. Mchanga ule, isipokuwa labda chembe moja mbili, ni wa miamba ya milima yetu wenyewe. Jirani zetu wa Upare, wahunzi wa ukoo wa Washana, zamani waliyeyusha mchanga kama huo wakafua majembe. Kijana akiifunga imani yake kwa kikopo cha mchanga, siku mkemia atakapoupima akakosa nikeli, atashika nini?

Ni kweli, katika aya ya 25 ya sura hiyo chuma kimetajwa kwa neno la kuteremsha. Wako wafasiri walioelewa ni kushuka hasa, na wako waliosema maana yake ni kuumba na kuneemesha. Lakini neno hilo hilo limetumika kwa mavazi, Al-Aaraf aya ya 26, na kwa wanyama wa kufugwa, Az-Zumar aya ya 6. Nilimfungulia msahafu, tukazisoma zote tatu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Maalim, na ng'ombe wa Mlalo je?"

Darasa la Jumamosi tulilianzia hapo.