Nani Anaijua Mvua ya Bariadi

Wazee wa Bariadi waliokwisha kutimiza miaka 80 wanakumbuka enzi ambazo habari za mvua zilipelekwa kwa ntemi. Kwa Wasukuma, ntemi hakuwa mwamuzi wa kesi tu. Mvua nayo ilikuwa juu yake, na ikikawia lawama zilimwangukia. Utawala wa machifu ukafutwa mwaka 1963. Wakulima wakabaki na nyota za kilimia, upepo na redio.

Vipimo vilikuwa vimeshatangulia. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa na Waingereza mwaka 1929, makao yake Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda idara yake. Mwaka 1999 idara hiyo ikawa wakala, na mwaka 2019 ikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA.

Majina yamebadilika, lakini kazi ya saa 3 asubuhi ni ileile. Mpimaji anafungua kipima mvua, anatoa chupa iliyo chini ya faneli na kumimina maji kwenye gilasi yenye alama za milimita. Anaisoma ikiwa usawa wa macho, pale maji yalipobonyea katikati, si kingoni yalikopanda. Pasipo na tone, anaandika sifuri. Siku iliyoachwa wazi kitabuni haimwambii mtu kama ilikuwa kavu au mpimaji hakufika.

Na milimita si jambo dogo. Moja tu ni takribani lita 4,000 za maji kwa kila ekari.

Hesabu hiyo ina uzito Simiyu, mkoa wenye Bariadi, uliozaliwa mwaka 2012 na unaoishi kwa pamba. Mvua ya kwanza ikidanganya, mbegu huota, jua likaziunguza, na mkulima akapanda upya kwa gharama yake. TMA huuweka mkoa huu kwenye utabiri wa vuli pamoja na Kagera, Geita, Mwanza, Shinyanga na Mara, na siku hizi ujumbe unafika kwenye simu. Ila ndani ya mkoa, wilaya ya Busega inapakana na Ziwa Viktoria, wakati Meatu iko mbali nalo na ni kavu zaidi. Mkulima wa Mwanhuzi, huko Meatu, ana haki ya kuulizia mvua ya Mwanhuzi. Utabiri wa ngazi ya wilaya umeanza kumjibu, na utamjibu vizuri zaidi kadiri vipima mvua vinavyoongezeka katika kata za wilaya yake na kusomwa kila siku.