Tuliuza Nyumba Wakati wa Mvua



Wengi mmeniuliza, wengine baada ya ibada na wengine kwenye inboksi, kwa nini mchungaji aliuza nyumba yake mwezi wa nne, mvua ikinyesha kila jioni na barabara ya kwetu ikiwa tope tupu. Hapa Gatongora kila broka atakuambia nyumba huuzwa kiangazi, maua yakiwa yamechanua na ukuta umekauka. Leo nataka kujibu, maana ndani ya swali hilo nimeona somo kwa mtu anayeuza chochote.

Tuliuza kwa sababu ya kaka yangu mkubwa. Alilazwa, akafanyiwa upasuaji mara mbili, na deni la hospitali likapita mchango wa familia na harambee ya kanisa. Mimi na mke wangu tukaketi, tukaomba, tukakubaliana kuuza nyumba na kuhamia ya kupanga karibu na kanisa. Tuliianza baada ya Thika Road kukamilika 2012, wakati kila mtu alikuwa anakimbilia ploti upande huu wa Ruiru, tukaingia 2014. Ni nyumba ya mawe ya Ndarugo, vyumba vitatu vya kulala, mabati juu. Watoto wetu wamekulia humo.

Lakini nyumba hiyo ina siri moja. Ploti ya nyuma iko juu kuliko yetu. Kila masika maji huteremka, huzama ardhini, kisha ukuta wa chumba cha nyuma huyanyonya. Rangi hufura kama vipele, na unga mweupe wa chumvi humwagika sakafuni. Ikifika mwezi wa nane ukuta umekauka kabisa. Ukipaka rangi wakati huo, hata fundi mzoefu anaweza kupita bila kujua.

Broka wetu ni mtu mzuri na alisema kwa nia njema. Alitupa njia mbili: ama tusubiri kiangazi, ama tukwangue ukuta, tupake rangi nzito ya mafuta na kuweka kabati kubwa mbele yake. "Pasta, kila mtu hufanya hivyo," akasema.

Kusubiri hatungeweza. Kila wiki deni lilikuwa linapanda. Ikabaki njia ya rangi na kabati.

Wapendwa, Biblia inajua habari za kuta. Soma Walawi 14. Mwenye nyumba akiona madoa ya kijani au mekundu ukutani, anakwenda mwenyewe kumwambia kuhani. Kuhani anaamuru vitu vyote vitolewe nje kwanza, ndipo aingie kukagua. Nyumba hufungwa siku saba, kisha anarudi kuangalia. Doa likienea, mawe hung'olewa, lipu hukwanguliwa, hutiwa mengine. Ona utaratibu wa Mungu: vitu hutolewa ili ukuta uonekane. Sisi tulikuwa tunashauriwa kuingiza kabati ili ukuta usionekane.

Kisha soma Ezekieli 13. Pale nabii anawakemea watu wanaotangaza amani ambapo hakuna amani. Anawafananisha na mafundi wanaopaka chokaa ukuta dhaifu. Na Mungu anasema atatuma nini? Mvua! Mvua kubwa, mawe ya barafu na upepo wa dhoruba, mpaka ukuta uanguke na msingi uonekane. Mimi nilisoma sura hiyo mara nyingi nikiwa chuo cha Biblia, nikaihubiri kama habari ya manabii wa uongo. Mwezi wa nne mwaka ule niliisoma nikiwa nimekaa kitandani katika chumba cha nyuma, nikiutazama ukuta wangu.

Nikaamua tutauza na ukuta ukiwa wazi.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuja nyumbani akilia. Aliniambia, "Pasta, wewe unalinda ukuta, mimi nalinda mume." Hebu tafakari neno hilo. Si mtu mwovu aliyesema. Ni mke aliyekuwa analala kwenye benchi la hospitali. Hakuwa anataka gari wala shamba, alitaka mume wake arudi nyumbani. Nami nilijua ukuta ule ungepunguza pesa za kumtoa.

Nilimjibu kwa habari ya Anania na Safira, Matendo 5, lakini kwa upole, maana neno la Mungu si fimbo ya kumpigia anayelia. Nikamwambia, "Dada, wale hawakuuza shamba ili wanywe pombe. Walileta pesa kanisani, mahali pazuri. Petro aliwaambia shamba lilikuwa lao na pesa zilikuwa mikononi mwao. Kilichowaua ni uongo. Kama pesa ya kanisa haikuusafisha uongo, pesa ya hospitali itausafishaje? Na huyo atakayenunua, naye ni kaka ya mtu."

Hakukubali siku hiyo. Alinyamaza, akanywa chai, akaondoka. Ninamheshimu mpaka leo.

Basi tukaiandaa nyumba kwa njia nyingine. Tulikwangua rangi iliyofura, tukauacha ukuta bila rangi. Tulichimba mtaro nyuma, tukarefusha gata ili maji ya mabati yasimwagike mguuni mwa ukuta. Fundi akakadiria gharama ya kutibu ukuta wenyewe kiangazi kikija, tukaiandika kwenye karatasi ya kumpa mnunuzi.

Karatasi nazo tulizipanga, na hapa nawashauri kama mzazi. Wakili aliomba hati miliki, sachi mpya ya ofisi ya ardhi, na stakabadhi ya kuonyesha hatuna deni la kodi ya ardhi ya kaunti. Mpima alikuja, bikoni zote nne zikapatikana. Mke wangu alitia sahihi kukubali, kwa sababu Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mmoja kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Mume unayeuza kisirisiri, sikia hilo. Kuna pia kodi ya faida ya mauzo, iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 mwaka 2023, lakini nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza ina msamaha. Mnunuzi naye ajue kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa ardhi ya mjini.

Usiseme hayo ni mambo ya dunia. Yeremia 32, nabii ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Anapima fedha mbele ya mashahidi, anaandika hati, moja inatiwa muhuri na nyingine inabaki wazi, zote zinawekwa kwenye chombo cha udongo zidumu. Nabii aliyejaa Roho aliweka karatasi vizuri! Kuomba hakuondoi kufanya sachi.

Wanunuzi walikuja Jumamosi, mvua ikinyesha. Tangu mafuriko ya 2024 mnunuzi wa huku huuliza kwanza maji hupita wapi. Walikuwa mume na mke vijana, na mtoto mchanga mgongoni. Niliwapeleka chumba cha nyuma kabla ya sebule. Yule dada akaweka kiganja ukutani, kikatoka na maji. Akamwangalia mumewe. Chumba hicho ndicho walichotaka kumlaza mtoto, kwa sababu kiko mbali na kelele za barabara.

Waliondoka bila kusema neno. Wiki mbili tulikaa kimya. Kisha wakapiga simu: watanunua, lakini wapunguziwe shilingi 400,000, na mtoto atalala chumba cha mbele mpaka ukuta utibiwe. Tukakubali.

Sasa mnangoja niseme Mungu alinirudishia mara mbili. Hapana, wapendwa. Sitawadanganya kwenye ujumbe unaohusu ukweli. Pesa ile haikurudi. Deni la hospitali lilibaki na kipande, tukaandikiana kulipa kidogo kidogo, na bado tunalipa mimi na shemeji kila mwezi. Kaka yangu yuko nyumbani, anatembea kwa fimbo. Mke wangu bado anaikumbuka jikoni yake.

Lakini mvua ya mwezi wa kumi na moja ilipoanza usiku, niliisikia kwenye mabati ya nyumba ya kupanga, nikageuka upande wa pili nikalala. Ningekuwa nimepaka ule ukuta, kila tone lingekuwa linaniita jina.

Mpendwa, labda huna nyumba ya kuuza. Labda unauza gari la mitumba, ng'ombe aliyeacha kutoa maziwa, simu yenye betri mbovu. Labda unajiuza mwenyewe kwa mchumba, na kuna chumba umeweka kabati mbele ya ukuta wake. Shida yako ni ya kweli, na Mungu anaiona. Lakini usiilipie kwa kumhamishia mwenzako shida asiyoijua. Mwonyeshe ukuta, kisha mpatane bei.

Tuombe: Baba, wasaidie wanaouza kwa sababu wamebanwa. Wape ujasiri wa kusema ukweli unaopunguza bei. Wakumbuke wagonjwa na wanaowalinda usiku. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, sema Amina, na umtumie mtu anayetafuta ploti au anayeuza. Tuonane Jumapili, mbebe miavuli.