Wimbo Tunaukumbuka, Kidonda Tunakisahau

Akina mama wenzangu, naomba niwasimulie jambo lililotokea nyumbani kwangu hapa Songea masika iliyopita. Si jambo kubwa la kutangazwa, lakini limenifundisha, na huenda nawe likakufaa.

Ilikuwa Jumamosi jioni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri, ikawa imekatika. Binti yangu wa miaka 14 alikuwa amekaa sebuleni na simu, akitazama watu wanaoteleza juu ya theluji huko Ulaya. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka zamu, miguu inauma, na vyombo vya mchana bado havijaoshwa. Nikaanza ile hotuba ambayo kila mzazi anaijua. "Ninyi watoto wa siku hizi mnatazama wenzenu wakicheza. Enzi zetu sisi tulicheza wenyewe! Mvua ikikatika hivi, hakuna mtoto aliyebaki ndani. Tulikuwa mlimani tunaserereka mpaka giza."

Binti yangu hakujibu. Alizima simu, akaenda kuosha vyombo. Aliyejibu ni mama yangu, ambaye nakaa naye tangu baba afariki. Alikuwa kwenye mkeka anachambua maharage. Bila kuinua macho akasema, "Mwanangu, ukimsimulia mtoto habari za kile kilima, msimulie na habari za mdogo wako."

Sikuwa na la kusema. Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani.

MCHEZO WETU WA KUTELEZA

Nilizaliwa mwaka 1979, chini ya milima ya Matogoro, ile inayotoa chemchemi za mto Ruvuma. Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na mtelemko wa udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, udongo ule uliteleza kama sabuni. Tulikata mgomba uliokwisha kuzaa, tukabandua magome yake mapana, na kila mmoja akapata la kukalia. Wawili au watatu walikaa pamoja, mkubwa nyuma na mdogo mbele, kisha mtu mmoja akasukuma.

Kushuka kulikuwa kufumba na kufumbua. Kupanda ndiko kulikochukua muda. Tulipanda kwa vidole vya miguu, tukishikana mikono, na aliyeanguka aliwaangusha wenzake. Hapo ndipo palipokuwa na nyimbo, vitendawili, ugomvi na kupatana. Nikikumbuka leo, nakumbuka zaidi kule kupanda.

Tulirudi nyumbani wekundu kuanzia utosini hadi nyayoni. Mama alitusimamisha nje, akatumwagia maji ya ndoo kabla hatujavuka kizingiti. Nimeisimulia habari hii mara nyingi kwa wanangu, na kila mara naimaliza hapo penye maji ya ndoo.

SISTA NA MUUNDI WAKE

Jioni ile, nikiwa nimekaa kitandani, nilimkumbuka mgonjwa mmoja. Ilikuwa mwaka 2002, nami nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika mafunzo ya wodini. Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika Peramiho mwaka 1898, na kwa miaka mingi mkoa wetu wa Ruvuma ulikuwa na mabruda, mapadre na masista wa kutoka huko. Mgonjwa wangu alikuwa mmoja wa masista hao. Alikuwa na umri wa miaka 72, na Kiswahili chake kilikuwa na maneno ya Kingoni ndani yake.

Nilipokuwa nikimwosha miguu niligusa uvimbe mgumu kwenye mfupa wa muundi. Nikamwuliza kama unauma. Akacheka. "Hapana, mwanangu. Huo ni mfupa uliovunjika nikiwa msichana. Ni zawadi ya theluji."

Ndipo akanisimulia kuhusu skii, mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu zilizofungwa miguuni. Alizaliwa katika kijiji cha Bavaria, chini ya milima ya Alpi, ambako theluji ilifunika njia miezi mingi. Kwao skii haikuanza kuwa mchezo. Ilikuwa ndiyo njia ya kwenda shule na kanisani. Mbao zilichongwa na seremala wa kijiji kutokana na mti mgumu, zikapakwa nta ili ziteleze vizuri. Wakitaka kupanda mlima walifunga ngozi ya sili chini ya mbao. Manyoya ya ngozi ile hulala upande mmoja, hivyo mbao ilikwenda mbele bila kurudi nyuma.

"Tulipanda saa mbili," alisema, "tukashuka kwa dakika chache. Huko kupanda ndiko tulikoimba."

Nilishtuka, mpenzi msomaji. Mwanamke wa nchi ya barafu alikuwa anasimulia utoto wangu.

Kisha vita ikaja. Majira ya baridi ya mwishoni mwa mwaka 1941 na mwanzoni mwa 1942, serikali ya Ujerumani iliwataka raia watoe nguo za manyoya, za sufu, na pia skii zao, zipelekwe kwa askari waliokuwa wakiganda kwa baridi huko Urusi. Baba yake alizibeba mbao za nyumba nzima akazikabidhi. Sista alikuwa mtoto wa miaka kama 11. Alisema mwaka ule walitelezea ubao wa sanduku.

MAMBO YALIVYOBADILIKA

Alikaa Afrika miaka mingi bila kurudi kwao. Alipokwenda likizo katika miaka ya 1990 hakuutambua mlima wake. Palikuwa na nyaya za chuma zilizobeba viti, na watu walipanda wameketi bila jasho. Mashine za kuvuta watu kupanda mlima hazikuwa mpya, kwani huko Davos, Uswisi, moja ilianza kazi mwaka 1934. Lakini wakati wa utoto wake hazikuwa zimefika kijijini kwao. Sasa palikuwa na foleni, tiketi na muziki wa vipaza sauti. Mbao za mti zilikuwa zimetundikwa ukutani kama pambo hotelini. Watu walivaa skii za plastiki na chuma. Na kwa kuwa theluji ilikuwa imepungua, mashine zilinyunyiza maji hewani usiku wa baridi ili yagande na kuanguka kama theluji.

Jambo hilo la mwisho limezidi tangu wakati ule. Katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Beijing mwaka 2022, karibu theluji yote ilikuwa ya kutengenezwa kwa mashine. Sisi Watanzania tusidhani ni habari ya mbali. Kilimanjaro chetu, chenye urefu wa mita 5,895, kimepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912. Atakayekuwa bibi miaka hamsini ijayo huenda akawasimulia wajukuu kilele cheupe ambacho hawatakiona.

Nilimwuliza Sista kama alihuzunika. Akasema, "Ndiyo, siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nilimwona mzee mwenye magoti mabovu akipandishwa na kile kiti. Kwa miguu yake asingefika tena kule juu. Alishuka polepole, uso wake kama wa mtoto. Siku ya tatu mtoto wa kaka yangu alianguka vibaya sana mbele yangu. Nikafunga macho. Nilipofungua, skii ilikuwa imejifungua yenyewe mguuni, naye anajipangusa na kucheka. Nikaugusa muundi wangu."

Akanieleza sababu. Enzi zake kiatu kilifungwa kwa mikanda na waya, hakiachii. Ukianguka, mbao inageuka na mguu unageuka nayo, na mfupa unakatika. Baadaye mafundi walitengeneza vifungo vinavyoachia mguu mtu anapoanguka, na mivunjiko ya muundi ikapungua sana. "Nimekuwa nikiwasimulia watu nyimbo za kupanda mlima," alisema, "na siwasimulii kwamba nililala miezi mitatu mguu ukiwa kwenye plasta, na kwamba jirani yetu alichechemea mpaka kaburini."

Sista alifariki miaka michache baadaye. Nilidhani nimemsahau.

MDOGO WANGU

Sasa nami nisimulie lile ninalolirukaga.

Mwaka 1988 nilikuwa na miaka tisa, na mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Mimi ndiye niliyekaa nyuma, yeye mbele. Gome letu liliacha njia, likapita juu ya kisiki kilichofichwa na matope. Kisiki kilimchoma unyayoni. Kidonda kilikuwa kidogo. Tulikiosha kwa maji ya mfereji, tukaweka majani, tukakubaliana tusiseme nyumbani, kwa sababu tungekatazwa mlima. Yeye alitunza siri vizuri kuliko mimi.

Siku ya tisa alishindwa kufungua kinywa kula uji. Mama alidhani ni jino. Kesho yake mgongo ulianza kujikunja kama upinde, na kila mlango ulipogongwa mwili wake wote ulikakamaa. Mvua ilikuwa kubwa na njia mbovu. Tulipomfikisha kwa waganga tulikuwa tumechelewa. Pepopunda ilimchukua siku ya tatu. Chanjo yake ya utotoni hakuwa ameimaliza. Kadi ilionyesha sindano moja tu.

Ndiyo sababu nikawa muuguzi, ingawa kwenye usaili nilitoa sababu nyingine. Leo watoto wetu wanapata chanjo ya pepopunda pamoja na magonjwa mengine wakiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, na mama mjamzito anachanjwa ili kumkinga mtoto anapozaliwa. Nimechoma sindano hizo kwa miaka zaidi ya ishirini. Katika miaka hiyo nimesema maelfu ya mara, "Mama, usikose tarehe." Lakini binti yangu mwenyewe hakuwa akijua kwamba aliwahi kuwa na mjomba mdogo.

KUPANDA TENA

Usiku ule nilimwita binti yangu jikoni. Nilimwomba radhi kwa maneno yangu, kisha nikamsimulia yote, gome, kisiki na siri yetu. Bibi yake alikuwepo, akasahihisha pale nilipokosea. Sijawahi kumsikia mama akilitaja jina la mwanawe kwa utulivu namna ile. Binti yangu alilia. Kisha akauliza, "Mama, kilima kipo?"

Jumapili baada ya ibada tulikwenda watatu. Mtelemko wetu sasa una nyumba za bati, na juu yake kuna njia ya pikipiki. Migomba imebaki michache. Hapakuwa na pa kuteleza. Tulipanda taratibu kwa ajili ya magoti ya mama, tukisimama kila baada ya hatua kadhaa. Njiani binti yangu alituonyesha katika ile simu niliyoilaumu Mkenya aitwaye Philip Boit, wa huko Eldoret, aliyeshindana kwa skii huko Nagano, Japani, mwaka 1998. Alikuwa wa mwisho, wa 92, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi. Lakini mshindi mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri penye mstari wa mwisho akamkumbatia, na Boit alimpa mwanawe jina lake. Akatuonyesha pia Sabrina Simader, msichana aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, aliyeiwakilisha Kenya katika mchezo huo huko Korea Kusini mwaka 2018. "Ndio hao niliokuwa nawatafuta siku ile, Mama," alisema.

Kumbe mtoto hakuwa akipoteza muda, alikuwa akiwatafuta wa kwetu. Mimi sikumwuliza.

Tulipofika juu mama alikaa kwenye jiwe, akaanza wimbo wetu wa kusukumana. Binti yangu aliurekodi.

Wenzangu, Mhubiri, katika sura ya 7 mstari wa 10, anatuonya tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko za sasa, kwa maana anayeuliza hivyo haulizi kwa hekima. Nilikuwa nikiusoma mstari huo nikadhani unawahusu wazee wakali. Sasa naona ulinihusu mimi. Kuzikumbuka siku za kale si dhambi. Kosa ni kuchukua nusu tamu tukawachapia nayo watoto, na ile nusu chungu tukaificha, wakati ndiyo ingewalinda.

Basi nakuomba mambo mawili. Kwanza, leo usiku tafuta kadi ya kliniki ya mtoto wako mdogo, uhakikishe hakuna sindano iliyorukwa. Akichomwa na msumari au kisiki, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, umpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Na umwambie mapema kwamba hatachapwa kwa kusema ukweli.

Pili, ukianza kusema "enzi zetu," kaa chini umsimulie yote. Msimulie wimbo, umsimulie na kidonda. Kisha umwulize naye anatazama nini.