Mwaka Mirihi Ilipopimwa

Mwaka 1976 nilikuwa mwanafunzi wa kemia California, Marekani. Alfajiri ya Julai 20, sisi tuliobaki bwenini wakati wa likizo tulijaa mbele ya televisheni: Viking 1, chombo cha anga cha Marekani, ilikuwa inashuka Mirihi. Ilipangwa kutua Julai 4, Marekani ikitimiza miaka 200, lakini picha zilizopigwa kutoka juu zilionyesha kuwa mahali palipochaguliwa ni pa hatari, ikabidi patafutwe pengine.

Saa kumi na moja na dakika 12 habari ikafika: imetua. Ujumbe huo ulikuwa umesafiri angani dakika 19. Kisha picha ya kwanza ikaanza kujitokeza kidogo kidogo kutoka kushoto: mawe, changarawe, mwishowe wayo wa chombo chenyewe, ribiti zake zikihesabika, na punje za mchanga zimeingia ndani yake.

Siku nane baadaye mkono wa chombo ulichota udongo ili upimwe kama una uhai. Jaribio nililolifuatilia zaidi ni la mtafiti Gilbert Levin. Udongo ulidondoshewa maji yenye virutubisho vilivyotiwa kaboni 14, ambayo hutoa mionzi. Kama mna vijidudu, vitakula na kutoa hewa, na mionzi itavifichua. Hewa ilitoka, tena kwa kasi! Udongo uliochomwa kwanza kwa nyuzijoto 160 kwa saa tatu haukutoa kitu. Kwa kanuni zilizowekwa kabla ya safari, hilo lilikuwa jibu la ndiyo. Bwenini tulibishana hadi usiku wa manane.

Lakini kifaa kingine kilichoma udongo kikisaka misombo ya kaboni ambayo viumbe wote tunaowajua wamejengwa kwayo, kisiikute. Tena udongo wa Levin ulipoongezewa virutubisho, hewa ilipungua badala ya kuongezeka. Wataalamu wengi wakahitimisha kuwa ile ilikuwa kemia tu ya udongo mkavu. Baada ya mwaka huo wa 1976, Marekani haikutua tena Mirihi hadi 1997.

Mwaka 2008, nilipokuwa nimeshafundisha kemia miaka mingi, chombo cha Phoenix kilikuta perkloreti katika udongo wa Mirihi. Chumvi hiyo ikipashwa moto huteketeza misombo ya kaboni. Yaani kifaa cha 1976 huenda kilikiunguza kile kile ambacho kilitumwa kukitafuta. Mwaka 2018 ikatangazwa kwamba chombo cha Curiosity kimekuta misombo ya kaboni katika miamba ya kale ya matope. Huo si ushahidi wa uhai, lakini lile jibu la hapana limepungua nguvu.

Levin alifariki mwaka 2021 akiwa bado anaamini kwamba aliona uhai. Mimi siwezi kufika huko, ila nina hakika kesi ilifungwa kabla udongo wenyewe haujaeleweka. Kwa hiyo, kijana unayesoma sayansi, ukiambiwa Mirihi ilikwishapimwa ikakutwa tupu, uliza ilipimwa kwa kifaa gani, na kifaa hicho kilikuwa na uwezo wa kuona nini.