Kutoka Kagunga hadi jijini: Pointi za hoteli zisiichagulie familia kitanda

Kagunga ni kijiji cha mpakani, kaskazini kabisa mwa mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania. Nyuma yake kuna milima, mbele yake kuna maji, na jirani wa karibu ni Burundi. Mwenye shida ya hospitali ya rufaa, benki, fomu za shule ya mtoto au tiketi ya kwenda Dar es Salaam, mara nyingi huanza kwa kushuka ziwani kutafuta boti. Na kwa kuwa boti zina saa zake, kwa mtu wa Kagunga kwenda mjini maana yake ni kulala mjini.

Zamani suala la mahali pa kulala lilikuwa la msafiri na ndugu zake. Siku hizi ameongezeka mtu mmoja: kijana wa familia anayefanya kazi jijini. Semina na safari za kikazi zimemlaza katika hoteli kubwa, akajiunga na mpango wa wateja wa kudumu, na sasa simu yake ina namba ya uanachama na pointi kadhaa. Bibi akija na mjukuu kwa ajili ya matibabu, kijana huyo ndiye anayelipa, na kitu cha kwanza anachofungua ni programu ya hoteli.

Nia yake ni njema. Lakini hoteli inayofaa pointi zake si lazima iwe ndiyo inayomfaa mgonjwa.

Usiku wa kwanza ni Kigoma

Boti za abiria kutoka Kagunga kwa kawaida huondoka usiku au alfajiri na kufika Kibirizi, kaskazini kidogo mwa mji wa Kigoma, asubuhi. Njiani hupita Mwamgongo, kisha Hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, kisha Mtanga. Ni boti za mbao zenye injini. Abiria huketi pamoja na magunia ya dagaa, madumu ya mawese, kuku na watoto waliofunikwa khanga dhidi ya upepo.

Tatizo liko kwenye kurudi. Boti za kurudi kaskazini kwa kawaida huanza kuondoka Kibirizi mchana. Mama aliyemleta mtoto Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni atapanga foleni, atamwona daktari, ataambiwa asubiri majibu ya vipimo, na akitoka nje boti imeshakwenda. Kwa hiyo kitanda cha Kigoma ni sehemu ya gharama ya matibabu, sawa na nauli na dawa. Familia isiyokihesabu nyumbani hujikuta inakitafuta jioni, mtoto akiwa mgongoni.

Kadi za hoteli za kimataifa hazina kazi hapa. Kigoma ina hoteli nzuri zinazotazama ziwa, na ina gesti nyingi za bei nafuu katikati ya mji na Mwanga, lakini majina makubwa ya dunia yenye pointi hayajafika. Mwanachama wa daraja la juu kabisa akiteremka Kibirizi ni mgeni kama wageni wengine.

Hata hivyo, uteja wa kudumu upo, tena wa zamani. Watu wa mwambao huwa na gesti yao. Mwenye nyumba anajua kwamba mama fulani huja kila baada ya miezi mitatu kwa ajili ya kliniki, kwamba hapendi chumba cha mwisho kwa sababu ya kelele za baa, na kwamba boti ikichelewa kwa sababu ya mawimbi chumba chake kisipewe mtu mwingine. Anajua pa kuweka gunia la dagaa lisinukishe vyumba. Siku fedha ikipungua, anaweza kusema, "Mama, utamalizia ukirudi." Hakuna programu ya simu inayotoa huduma hiyo, na haipatikani kwa usiku mmoja. Inajengwa kwa kulipa deni, kutunza chumba na kurudi palepale.

Mwambao huu una historia ndefu ya mgeni na mwenyeji. Ujiji, jirani wa Kigoma, ulikuwa kituo cha misafara ya biashara karne ya 19. David Livingstone aliporejea hapo mwaka 1871, amechoka na anaumwa, alikuta bidhaa alizotegemea zimeuzwa na mtu aliyeachiwa azitunze. Muda mfupi baadaye Henry Stanley alimkuta hapo. Msafiri wa leo anayemwachia mwenye gesti mzigo wake wakati anakwenda hospitali anajua thamani ya kumpata mtu wa kuaminika.

Na Kagunga yenyewe imewahi kuwa mwenyeji wa wageni kupita uwezo wake. Mwaka 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana katika ufukwe wake, kipindupindu kikazuka, na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kwa awamu hadi Kigoma kabla hawajapelekwa kambi ya Nyarugusu. Watu wa huko hawahitaji kufundishwa maana ya kukosa mahali pa kulaza mtoto.

Jijini ndiko kadi inakoanza kufanya kazi

Rufaa ikitoka Maweni kwenda Dar es Salaam, mambo yanabadilika. Dar kuna hoteli zilizo chini ya majina ya kimataifa, kila moja na mpango wake: Hyatt Regency pale Kivukoni ina World of Hyatt, na hoteli za kundi la Marriott zina Marriott Bonvoy. Kabla ya kijana kumwekea bibi yake chumba, ni vizuri aelewe pointi hizo zinavyofanya kazi.

Kwanza, pointi hutokana na fedha iliyotumika. Katika hoteli nyingi za Bonvoy mwanachama wa kawaida hupata pointi 10 kwa kila dola ya Marekani. World of Hyatt hutoa 5. Tuseme chumba ni dola 150 kwa usiku. Siku tatu ni dola 450, yaani pointi 4,500 kwa Bonvoy au 2,250 kwa Hyatt. Mara nyingi hizo hazitoshi hata usiku mmoja wa bure. Familia inayokuja jijini mara moja kwa mwaka haitafika mbali, na katika mipango yote miwili pointi zisipoguswa kwa miezi 24 hupotea.

Pili, mwenye kadi kwa kawaida hupata pointi kwa chumba anacholala mwenyewe, au vyumba vichache anavyolipia akiwa naye yupo hapo. Akimlipia bibi huku yeye amelala nyumbani kwake Tabata, asishangae akaunti isipoongezeka. Akiweka chumba kupitia tovuti ya wakala badala ya hoteli yenyewe, kwa kawaida hapati pointi kabisa.

Tatu, kadi ni ya jina la kampuni, si ya jengo. Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa mwaka 1965, ikafunguliwa upya mwaka 2005 chini ya Kempinski, na leo ni Hyatt Regency. Jengo liko palepale ufukweni, lakini jina la mlangoni si lile tena, na kadi inayofanya kazi hapo ni ya jina jipya.

Nne, daraja lina masharti. Bonvoy, kwa mfano, hutaka usiku 10 kwa mwaka kufikia daraja la Silver na 25 kufikia Gold. Mwanachama akiona zimebaki mbili, hushawishika kumlaza mgonjwa mahali pa mbali ili kuzikamilisha. Hapo kadi imegeuka bosi wa familia.

Anza na miadi ya asubuhi

Njia salama ni kuanza na karatasi ya rufaa. Muhimbili, kwa mfano, ni mbili: Upanga, karibu na katikati ya jiji, na Mloganzila, nje ya jiji kuelekea Kibaha. Kati yake kuna safari ndefu ya Barabara ya Morogoro na foleni zake. Hoteli ya Kivukoni yenye pointi nyingi inaweza kumfaa anayekwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyo Upanga. Kwa mwenye miadi Mloganzila saa 1 asubuhi, gesti safi ya Kibamba au Mbezi, karibu na stendi ya Magufuli, ina thamani kubwa kuliko bwawa la kuogelea ambalo bibi hataliingia.

Baada ya umbali, linakuja suala la miadi kusogezwa. Safari inayoanzia Kagunga ina mambo mengi yasiyo mikononi mwa msafiri: upepo ziwani, treni ya reli ya kati inayokwenda zaidi ya kilomita 1,200, daktari aliyepata dharura. Bei ya chini kabisa kwenye simu mara nyingi ni ile ambayo ukighairi fedha hairudi. Kwa familia ya namna hii bei hiyo ni mtego. Afadhali kulipa zaidi kidogo kwa chumba kinachoweza kuahirishwa.

Na hapa ndipo kadi ya kijana inapoweza kuwa na faida kubwa kuliko alivyodhani. Usiku unaolipiwa kwa pointi, katika mipango mingi, unaweza kughairiwa siku moja au chache kabla, na pointi zikarudi. Hoteli au kampuni yake ikiulizwa mapema, inaweza pia kuuweka usiku huo kwa jina la ndugu. Pointi alizokusanya kazini kwa miaka miwili zinaweza kumlaza bibi na mjukuu karibu na hospitali ya Upanga bila fedha kutoka, na boti ikikwama Kagunga siku mbili hakuna kilichopotea. Sharti ni kwamba eneo liwe limechaguliwa kwanza, kadi ikafuata.

Mambo ya kuuliza kwa simu

Kabla ya kulipa, anayeweka chumba aipigie hoteli au gesti na kuuliza yafuatayo:

- Ni dakika ngapi kufika hospitali husika asubuhi siku ya kazi, na daladala au bajaji zinapatikana wapi?
- Lifti ipo na inafanya kazi? Kama haipo, je, kuna chumba cha chini kwa mzee?
- Mtoto anayelala na mzazi analipiwa? Umri wa mwisho ni upi?
- Kifungua kinywa kinaanza saa ngapi? Anayetoka saa 11 alfajiri anaweza kufungiwa chakula?
- Kuna mahali pa kuweka dawa inayotakiwa kukaa kwenye friji?
- Mzigo wa dagaa au mawese unaruhusiwa, na utakaa wapi?
- Hoteli inataka amana wakati wa kuingia? Italipwa na nani kama mwenye kadi hayupo?

Swali hilo la mwisho limewaaibisha wazee wengi. Kijana amelipa chumba kwa simu, lakini mapokezi wanadai amana ya matumizi, na bibi mwenye fedha ya nauli tu mfukoni anasimama mbele ya kaunta akidhani ametapeliwa. Simu moja ya dakika tano siku iliyotangulia humwondolea fedheha hiyo.

Kuna pia kadi inayotangulia zote: kitambulisho. Gesti na hoteli huandikisha wageni, na kwa wakazi wa vijiji vya mpakani kuulizwa vitambulisho njiani si jambo geni. Kitambulisho cha taifa cha mzazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki na barua ya rufaa vikae kwenye mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji, mkononi na si ndani ya gunia.

Fahari isimtenge mgonjwa

Lipo jambo moja ambalo vijana wenye kadi hulisahau. Hoteli kubwa inaweza kumnyima usingizi mtu aliyeizoea Kagunga. Mlango unafunguliwa kwa kadi ya plastiki, kiyoyozi kinapuliza baridi usiku kucha, chakula kina bei ya kutisha, na hakuna jirani wa kumwambia, "Mwakeye." Bibi anakaa kitandani na mjukuu bila kula, kwa kuogopa kuagiza kitu kitakachomgharimu kijana wake. Wengine hulala vizuri zaidi kwenye gesti ya vyumba kumi, yenye mama wa mapokezi anayewaonyesha mgahawa wa ugali na samaki upande wa pili wa barabara.

Wapo pia wazee wanaofurahia sana usiku mmoja wa shuka nyeupe na maji ya moto, na wana haki hiyo. Kinachotakiwa ni kuwauliza. "Bibi, utapenda karibu na hospitali au mahali pakubwa zaidi?" ni swali dogo linalompa mgonjwa sauti katika safari yake mwenyewe.

Kijana anayetaka kuitumia kadi yake vizuri basi apange kwa utaratibu huu: hospitali na saa ya miadi, umbali, urahisi wa kuahirisha, mazoea ya wasafiri, kisha pointi. Na katika hesabu ya safari asisahau usiku wa Kigoma, wa kwenda na wa kurudi. Huo hauna pointi, unalipwa taslimu au kwa simu, na ndio unaoamua kama mtoto atafika hospitali amepumzika au amekesha Kibirizi.