Kidole cha Shahada na Kifyatulio cha Bastola



Sifa zote njema ni za Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wazazi, na ninyi wanafunzi wetu, leo sitaandika juu ya tajwid wala sira kama ilivyo desturi yangu. Nitaandika juu ya jambo ambalo baadhi yenu mmeshalisikia mitaani na mnaliulizia pembeni: ni kweli, mwalimu wenu amenunua bastola. Ninayo kwa cheti cha polisi tangu miezi minne iliyopita. Naona ni bora mlisikie kwangu mwenyewe, pamoja na niliyojifunza ndani yake, kuliko mlisikie kwenye vijiwe vya bodaboda.

Sababu ni hii. Mshahara wa madrasa mnaujua. Familia yetu ina ghala la mahindi na simsim Koboko, na soko letu kubwa liko Arua. Wateja wetu wengi hutoka Sudan Kusini na Kongo, nao hulipa fedha taslimu. Mwaka jana wezi waliingia ghalani usiku, wakamjeruhi mdogo wangu kichwani kwa panga. Alhamdulillah alipona. Baada ya hapo wazee wa ukoo walikaa, wakaamua mmoja wetu aombe kibali cha silaha, na wakanichagua mimi. Walisema, "Wewe ndiye mwenye hasira kidogo kuliko wote."

Nchini Uganda jambo hili lina Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970. Si kama kununua simu. Unapita kwa viongozi wa kijiji, kwa maafisa wa usalama, kwa polisi, na kila mmoja anauliza wewe ni mtu wa namna gani. Halafu kuna mafunzo. Na hapo kwenye mafunzo ndipo nilipokutana na jambo ninalotaka kuwaeleza.

Kile kichuma kidogo cha kufyatulia risasi askari wetu hukiita triga. Siku ya kwanza mkufunzi alinipa bastola tupu, akaniambia, "Mwalimu, weka kidole." Nikaweka. Akanikataza hapo hapo: "Sikusema weka kwenye triga. Kidole chako kikae juu, kimenyooka ubavuni mwa bastola, mpaka uwe umeshaamua kupiga." Nikatazama kidole changu kilivyonyooka juu ya kile chuma. Ndugu zangu, kilikuwa kidole cha shahada! Ndicho hicho ninachokiinua katika tahiyatu, ndicho ninachowaonyeshea watoto alifu na bee kwenye juzuu. Waswahili waliokipa jina hilo hawakukosea, maana kidole hiki hutoa ushahidi. Swali ni kitatoa ushahidi gani siku ambayo viungo vitasemeshwa.

Tangu siku ile nimeielewa vizuri zaidi ile hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (SAW) alikataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, kwa kuwa hajui, huenda shetani akamponyoka nayo mkononi, naye akatumbukia katika shimo la moto. Miaka mingi nimeifundisha hadithi hiyo nikifikiria upanga na mkuki. Mwenye triga mkononi haihitaji tafsiri. Silaha haimwulizi mtu nia yake. Kidole kikishtuka kwa sababu ya mlango kugonga, mguu kuteleza au mtoto kuita "Baba!", risasi imekwenda, na hairudi.

Sasa niwaeleze inavyofanya kazi, maana wengi wanaijua kwenye filamu tu. Bastola yangu ni ya aina ambayo mvuto wa kwanza wa triga ni mrefu na mzito. Kwa bastola nyingi za aina hiyo unahitaji nguvu ya kilo 4 hadi 6 hivi, kwa sababu kidole ndicho kinachoirudisha nyundo nyuma na kuiachia. Lakini risasi ya kwanza ikishatoka, bastola yenyewe huirudisha nyundo nyuma. Kwa hiyo mvuto wa pili ni mfupi na mwepesi, kama kilo 2 tu. Wiki za mwanzo jambo hilo lilinisumbua sana. Risasi ya kwanza ilikwenda chini ya shabaha, kwa sababu kidole kilikuwa kinapigana na ule uzito. Ya pili ilitoka kabla sijawa tayari.

Mkufunzi alinipa zoezi. Magazini itolewe. Bastola ifunguliwe, chemba itazamwe kwa macho na kuguswa kwa kidole kidogo kuhakikisha haina risasi. Risasi zote zikae chumba kingine. Kisha nielekeze kwenye magunia yaliyojaa mchanga, niweke sarafu ya shilingi 100 juu ya mtutu, nivute triga taratibu mpaka nyundo ipige bila sarafu kuanguka. Nilifanya hivyo ghalani, mlango umefungwa, kila siku mara 20, mwezi mzima. Mwanzoni sarafu ilianguka kila mara. Ilianza kutulia nilipoacha kuingojea sauti ya nyundo na kuvuta kwa utulivu, kama mtu anayevuta pumzi.

Ule mvuto wa kwanza na wa pili nimeufikiria mara nyingi nikiwa darasani. Dhambi nayo iko hivyo. Ya kwanza ni nzito, nafsi inaikataa, moyo unadunda. Ya pili ni nyepesi. Na sisi watu wa West Nile tunalijua hili kuliko wengi. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, askari wake wengi walirudi huku na bunduki zao. Mwaka 1980 vita vikarudi Koboko na Arua, watu kwa maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari wa serikali ya wakati ule. Mimi nilizaliwa ukimbizini miaka hiyo hiyo. Wazee wetu wanasimulia kwamba bunduki ilikuwa inasimamishwa nyuma ya mlango pamoja na jembe, na mtoto aliijua kabla hajaijua herufi. Tuliendelea hivyo, kundi baada ya kundi, hadi UNRF II walipotia saini mkataba wa amani na serikali huko Yumbe, mwezi Desemba 2002. Yaani zaidi ya miaka 20 triga ilikuwa nyepesi kwetu.

Kwa hiyo mtu anaponiambia, "Ustadh, usijali, utaizoea," mimi naogopa. Kuna kuzoea kwa aina mbili. Kuna mtu anayeizoea silaha mpaka akaisahau kiunoni, akaiweka juu ya meza, akaichezea mbele ya wageni. Na kuna anayezoea adabu yake mpaka kidole chake kinanyooka chenyewe bila kuambiwa. Ninachokitafuta ni hicho cha pili. Cha kwanza Allah atuepushe nacho.

Pia bastola si hirizi. Novemba 2016 Sheikh Meja Muhammad Kiggundu aliuawa Kampala pamoja na mlinzi wake, naye mwenyewe alikuwa mwanajeshi. Tarehe 8 Juni 2018, siku ya Ijumaa ndani ya Ramadhani, mbunge wetu wa Manispaa ya Arua, Ibrahim Abiriga, mtu aliyekaa na silaha tangu ujana, alipigwa risasi karibu na nyumbani kwake Kawanda, pamoja na ndugu yake aliyekuwa akimlinda. Allah awarehemu. Kufunga ngamia ni sunna, lakini anayelinda ni Allah. Mwenye kudhani chuma kimemtosha, huyo ameshapotea kabla hajafyatua.

Mama watoto hakuridhika na jambo hili, na sitawaficha. Aliniambia, "Baba, mwizi huja usiku mmoja. Watoto wapo humu kila siku." Sikuwa na jibu la kumshinda, kwa sababu ni kweli. Mkufunzi naye aliniongezea hofu: alisema mtoto mdogo kidole chake kimoja hakina nguvu za kuvuta triga nzito, lakini huigeuza bastola na kusukuma kwa vidole gumba viwili. Na akiigeuza, mtutu unamtazama yeye. Tena magazini ikitolewa, watu wazima wengi hudhani bastola ni tupu, kumbe risasi moja imebaki ndani ya chemba.

Basi tukakubaliana masharti, na nayaandika hapa kwa faida ya kila nyumba yenye silaha ya halali, hata kama ni ya baba askari au mlinzi:

1. Bastola hailali nyumbani kwetu. Inakaa ghalani, ndani ya sanduku la chuma lililofungwa ukutani, risasi kwenye sanduku jingine, na funguo ninazo mimi.

2. Haiingii msikitini wala madrasa. Siku ya kwenda sokoni safari naipanga baina ya swala mbili, niirudishe kwanza. Mtume (SAW) alimwamuru anayepita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake asimdhuru Muislamu. Bastola ina ncha inayofika mbali zaidi.

3. Haitolewi kwenye ala yake ili ionwe. Rafiki akisema "hebu tuione," jibu ni hapana. Mtume (SAW) alikataza watu kupokezana upanga uliochomolewa.

4. Hakuna mzaha. Katika Sahihi Muslim imekuja kwamba malaika humlaani anayemwelekezea nduguye chuma, hata akiwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Wazazi, watazameni watoto wenu wakati wa Idi wanaponunuliwa bastola za plastiki na kulengana usoni. Kidole kinajifunza kile kinachokirudia.

5. Nikiwa na hasira, au nimekosa usingizi, siigusi.

6. Mtoto akiona silaha popote: asiguse, aondoke, amwambie mtu mzima. Maneno haya tuwafundishe kama tunavyowafundisha dua ya kulala.

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, wa miaka 9, aliniuliza mbele ya darasa: "Ustadh, ukija kutufundisha bunduki unaiacha wapi?" Nikamwambia iko mbali na hapa, imefungwa. Akauliza tena: "Na ukimkuta mwizi anaiba mahindi, utampiga?" Nikamwambia gunia la mahindi halilingani na roho ya mtu, na kwamba naomba kila asubuhi nisifike siku ya kuchagua. Alitikisa kichwa akarudi kwenye juzuu yake.

Kuhusu mama watoto, tumewekeana ahadi. Cheti hiki kina muda wake. Tumeanza kuwaomba wateja walipe kwa benki au kwa simu, na fedha taslimu zinapungua kidogo kidogo. Muda wa cheti ukifika tutakaa tena wawili, na neno lake litakuwa na uzito sawa na la wazee wa ukoo. Kama sababu imeondoka, bastola nayo itarudi polisi.

Tunamwomba Allah (SW) avilinde vidole vyetu na kila damu isiyo halali, avifanye viwe vya kuhesabu tasbihi na kutoa shahada, na ailinde West Nile isirudi ilikotoka. Amin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.