Nilichoma Tairi la Mtu



Ndugu yangu unayesoma, Jumamosi iliyopita baada ya darsa ya Maghrib kijana mmoja alinifuata na simu mkononi. Ndani yake kuna video ya bodaboda wa hapa hapa Mwanza anazungusha pikipiki palepale ilipo. Tairi la nyuma linasaga lami, moshi mweupe umewafunika watu, wenzake wanapiga honi. Akaniuliza, "Ustadhi, hii ni haramu au makruhu?"

Nikamwambia arudishe mwanzo. Nikaitazama tena. Halafu maneno yakanitoka kabla sijayachuja: "Mguu wa kushoto ameuweka karibu mno. Hapo tairi likishika ghafla, pikipiki inamlalia."

Kijana alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

Basi leo namjibu yeye na wengine wanaouliza swali hilo. Najua tumefundishwa mtu asitangaze dhambi ambayo Allah amemsitiri. Hii ina mwenye haki wake, na mwenyewe ndiye aliyeniambia nisimulie, ila jina lake nisilitaje.

Mwaka 2011 nilikuwa na miaka 21. Kijiwe chetu kilikuwa Kirumba, njia ya kushukia Mwaloni. Pikipiki haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mmoja mjane, mchuuzi wa dagaa, aliyedunduliza mpaka akanunua pikipiki ya Kichina ya cc 125. Yeye Mkristo, mimi Muislamu, na hilo halikutuletea shida hata siku moja. Hesabu ilikuwa shilingi 7,000 kwa siku, Jumapili napumzika. Matengenezo madogo juu yangu, makubwa juu yake. Hatukuandikiana popote. Alinipa ufunguo akasema, "Mwanangu, hii ndiyo shamba langu." Mwenyezi Mungu ndiye aliyekuwa shahidi.

Sasa pale kijiweni alikuwepo kaka mmoja fundi wa kuchoma tairi. Kwenye misafara ya harusi yeye ndiye anayetangulia, na bwana harusi anamtunza. Nikamwomba anifundishe. Akanipeleka mchana, saa nane hivi, kwenye sakafu ya zege karibu na ziwa ambako magari ya samaki yalikuwa yanaoshwa. Zege limelowa, lina utelezi wa samaki. Mimi nilidhani ananitania. Kumbe hapo ndipo mwanafunzi anapoanzia. Injini ya cc 125 haina nguvu nyingi. Kwenye lami kavu yenye tairi jipya, ukishika breki ya mbele na kuachia klachi, inazimika au inakuburuta. Penye maji tairi halishiki, linazunguka. Ndiyo maana wazoefu wakienda kwenye lami wanafunga tairi kipara.

Ugumu wenyewe uko kwenye mkono wa kulia, na nitaueleza kwa sababu wengi wanaotazama hawaujui. Mkono huo mmoja unafanya kazi mbili zinazogombana. Vidole viwili vimeng'ang'ania breki ya mbele ili pikipiki isiende, na kiganja hichohicho kinavuta mafuta ili tairi lizunguke. Ukivuta zaidi, vidole vinataka kulegea. Vikilegea, pikipiki inaruka na wewe. Mkono wa kushoto unaachia klachi taratibu. Unasogea mbele mpaka tumbo liguse tangi, uzito utoke nyuma. Mguu wa kushoto chini, mbali kidogo, unakuwa kama mambo. Unailaza pikipiki upande huo, na mkia unaanza kukuzunguka wenyewe.

Wiki mbili nilianguka. Nina kovu la ekzosti kwenye ndama ya mguu mpaka leo, nikitawadha naliona. Siku ya kwanza nilipomaliza duara zima bila kuanguka, wallahi sikuwahi kufurahi namna ile. Sitakudanganya kwamba haikuwa tamu. Vijana wakisikia sisi masheikh tunasema "hakuna raha yoyote humo", wanajua tunaongea tusichokijua, na wanafunga masikio hata kwa lile la kweli.

Na utamu mkubwa zaidi ni watu. Wewe mwenyeji wa huku unazijua ngoma za Wasukuma, Wagika na Wagalu. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi kutoka kwa mwenzake. Ndiyo maana mwingine anatoka na chatu, mwingine na fisi. Sisi wa pikipiki tulikuwa vilevile. Ukiona mtu kaacha kumtazama fulani kakimbilia kwako, kichwa kinavimba. Nilianza kuzungusha kila Jumapili, siku ambayo mama wa watu alijua pikipiki yake imepumzika.

Jumapili moja palikuwa na harusi, msafara umetoka Pasiansi. Lami kavu, jua kali. Nilikuwa nimefunga tairi kipara la kuazima, lakini watu walipozidi kupiga kelele sikusimama. Naomba unielewe hapa, hasa wewe unayeendesha. Injini ya pikipiki hizi inapozwa na upepo. Imetengenezwa ipoe ikiwa inakwenda. Unapochoma tairi, injini inafanya kazi kubwa kuliko zote huku imesimama palepale, upepo hakuna, na oili yake ni kama lita moja tu. Pleti za klachi zikaanza kunuka. Niliisikia ile harufu. Nilijua ni nini. Nikavuta tena, maana kuna mtu alikuwa ananirekodi.

Ikagonga mara tatu, kama mtu anabisha hodi ndani ya chuma, ikanyamaza. Imenoki.

Jioni nikaikokota hadi kwa mama. Nikamwambia, "Mama, hii pikipiki nadhani waliotuuzia walituuzia mbovu. Nilikuwa naipeleka kuosha tu." Akanitazama, akasema, "Pole mwanangu. Bora wewe hujaumia." Akanipa na ugali nikala.

Fundi alitaka 240,000, pistoni, konrodi, beringi, klachi. Mama alikuwa na magunia ya dagaa aliyoyaweka akisubiri bei ipande. Aliyauza wiki ileile kwa bei ya hasara. Pikipiki ililala kwa fundi siku 23 za kazi. Ilipotoka niliendesha miezi miwili mitatu, kisha nikaona aibu inanila, nikamrudishia ufunguo kwa kisingizio cha kwenda kusoma. Kusoma kweli nilikwenda. Allah ana njia zake za kumvuta mja.

Turudi kwenye swali. Je, mchezo wenyewe ni dhambi? Mimi si mufti, nitakwambia ninavyoelewa. Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi, na Ibn Umar (r.a.) aliyesimulia habari hiyo alikuwa mmoja wa walioshindana. Kwa hiyo kipando na umahiri wa kukipanda havina uadui na dini. Lakini tazama mpango ulivyokuwa. Farasi walioandaliwa kwa mbio walitoka Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, maili 5 au 6. Wasioandaliwa walitoka hapo Thaniyya hadi msikiti wa Banu Zurayq, maili 1 hivi. Mahali panajulikana, mwisho unajulikana, na mnyama hakutwishwa asichoandaliwa. Sisi tulikitwisha kipando cha kubebea abiria kazi kisichoiweza, katikati ya barabara ambayo mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa anasubiri kuvuka.

Wenzetu wa Soweto, Afrika Kusini, walianza kuzungusha magari miaka ya 1980 kwenye mazishi ya watu wa magenge. Leo huko ni mchezo wenye viwanja vyake na vizuizi kati ya dereva na watazamaji. Wakitoboa tairi, ni lao. Wakigonga, wanagonga ukuta. Hapa kwetu mchezo umebaki barabarani na makaburini. Umeona mwenyewe bodaboda akifa wenzake wanavyosindikiza jeneza: resi, moshi, mwingine anaendesha amesimama juu ya kiti. Najua wanalia kwa namna yao. Lakini mazishi yetu ni ya utulivu, na nimewahi kusimama kaburini nikahofia tutachimba la pili siku hiyohiyo. Na kufanya hivyo kwenye barabara ya watu ni kosa pia kwa Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo ipo tangu 1973. Hilo sihitaji kulirefusha.

Ninalotaka kulirefusha ni jingine. Mwaka 2017 nilikuwa nafundisha masharti ya toba. Kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorudia. Halafu lile la nne linalohusu haki ya mja: umrudishie mwenyewe. Na haki ya mja haiangalii dini ya huyo mja. Nilipofika hapo ulimi ukakauka. Nikafunga kitabu mapema, nikasema kichwa kinauma. Uongo mwingine huo.

Nikamtafuta. Nikaambiwa alihamia kwa mwanawe upande wa Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijajengwa. Nilipanda kivuko cha Kamanga na 240,000 kwenye bahasha, nimevaa kanzu yangu ya Ijumaa. Kwenye kivuko watu wawili walinisalimia "Ustadhi", na kila salamu ilinichoma.

Nilimkuta anaanika dagaa. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, akanitambua kwa sauti. Nikakaa chini nikaeleza yote: zege, tairi la kuazima, harusi, harufu ya klachi, uongo.

Akaendelea kugeuza dagaa wake. Kisha akasema, "Nilijua. Fundi aliniambia siku ileile. Alisema injini iliungua imesimama, haikuungua inakwenda kuoshwa. Nilingoja uniambie. Ulipokuja kuniaga kwamba unakwenda kusoma dini, nikasema huko watamfundisha kuniambia."

Nikampa bahasha. Nilitarajia aseme, "Mwanangu, yameisha." Akaifungua, akahesabu noti moja moja, akazirudia mara ya pili. Akasema, "Hii ni ya fundi. Na zile siku 23 ambazo sikupata hesabu?"

Ndugu yangu, nilikuwa nimefundisha fiqhi ya dhamana kwa miaka, na hesabu hiyo haikuwahi kunijia kichwani. 23 mara 7,000 ni 161,000. Sikuwa nayo. Nilimlipa kwa M-Pesa kidogo kidogo kwa miezi minne. Ilipofika ya mwisho alinipigia yeye mwenyewe, akasema sasa tumemalizana, na hasara ya dagaa ameniachia. Akaongeza, "Na wenzio wa pikipiki uwaambie."

Basi Jumamosi ile nilimrudishia kijana simu yake. Sikumwambia haramu wala makruhu kwanza. Nilimwuliza, "Hiyo pikipiki kwenye video ni ya nani?"

Akainamisha kichwa. Akasema, "Ustadhi, huyo ni mimi. Pikipiki ni ya shangazi."

Tukarudi ndani tukakaa kwenye mkeka, maana Isha ilikuwa bado.

Wabillahi tawfiq.